Fahamu: Kwa nini mbegu za kiume hupungua?

Mtoto akikawia, iwe Kitale au Bungoma, macho ya ukoo humgeukia mke kwanza. Hesabu inakataa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 hukumbana na tatizo la uzazi maishani. Na katika takriban nusu ya visa, mume ana sehemu yake.

Korodani hazikuwekwa nje ya mwili bure: zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Homa kali huzivuruga. Vivyo hivyo sigara, chang'aa ya kila jioni, unene, kisonono kisichotibiwa, na sindano za testosteroni za kutunisha misuli, ambazo, ajabu, huzima kiwanda chenyewe.

Kitale ni nchi ya mahindi, na mahindi hunyunyiziwa dawa. Mwaka 1977, wanaume waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, kiwandani California walipimwa. Baadhi hawakuwa na mbegu hata moja. Si kila dawa ni DBCP, ila glavu si pambo.

Mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Aliyeacha sigara leo apime baada ya miezi 3.