Mahakama Inapomfuta Mzazi

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Je, mahakama yaweza kumwambia mzazi kuwa kuanzia leo huyu si mwanao? Nchini Marekani yaweza. Haki ya uzazi ikishafutwa, mama hawezi kudai kumlea mtoto, kumtembelea, wala kuulizwa atakapopewa wazazi wengine. Kifungo cha miaka mitano huisha. Hukumu hii kwa kawaida haina mwisho.

Chukua kesi ya mama mmoja wa jimbo la Mississippi, aliyetajwa kwa herufi tu, M.L.B. Alikuwa na watoto wawili. Ndoa ilivunjika mwaka 1992, baba akaoa tena, kisha akaiomba mahakama imfute mama huyo ili mke mpya awaasili watoto. Mwaka 1994 jaji akakubali. Mama akakata rufani na kulipa ada ya dola 100. Akaambiwa haitoshi: kuandaa kumbukumbu za kesi ni dola 2,352 na senti 36. Hakuwa nazo, na rufani ikatupwa.

Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema hapana. Uamuzi ulioandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg ulieleza kuwa jimbo haliwezi kumfungia mzazi mlango wa rufani ya namna hii kwa sababu tu ni maskini.

Hapo walioshindana walikuwa baba na mama. Mara nyingi, hata hivyo, anayemshtaki mzazi ni serikali, baada ya kumchukua mtoto aliyepigwa au kutelekezwa. Mwaka 1982 mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa haitoshi mizani ya ushahidi kuelemea kidogo upande wa serikali. Ushahidi uwe wazi na wa kusadikisha. Lakini mwaka 1981 ilikuwa imekataa kusema kwamba kila mzazi maskini katika kesi hizi lazima apewe wakili wa bure, ingawa majimbo mengi huwapa kwa sheria zao wenyewe.

Mtoto naye ana dai lake. Sheria ya mwaka 1997 inayataka majimbo yaombe haki ya mzazi ifutwe mtoto akishakaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Ipo misamaha, kwa mfano mtoto anapolelewa na jamaa yake.

Mimi simtetei mzazi mkatili. Mtoto hawezi kungoja ulevi wa baba uishe huku yeye akikua bila kwao. Ninachosema ni kwamba hukumu nzito kama hii ipimwe kwa ushahidi, isipimwe kwa uzito wa mfuko. Dola elfu mbili na ushei si kipimo cha umama.