Kwa Nini Tangi la Bati Hukunjamana Ghafla

Kwa wakazi wa Kata ya Mkotokuyana wanaokinga maji ya mvua katika matangi ya bati au kuhifadhi nafaka katika vihenge vya chuma, vyombo hivyo ndivyo akiba ya kiangazi. Tangi likiharibika mwezi Julai, mvua za kulijaza tena bado ziko mbali. Ni muhimu, basi, kufahamu kwa nini chombo kinachoonekana imara huweza kukunjamana mara moja bila dalili.

Tangi au kihenge cha duara ni ganda jembamba. Nguvu yake hutokana zaidi na umbo la mviringo kuliko unene wa bati. Mfano ni kopo tupu la soda: lisipokuwa na kasoro, laweza kumbeba mtu mzima aliyesimama juu yake kwa uangalifu, likibonyezwa kidogo ubavuni, hukunjamana papo hapo.

Kanuni ya kukadiria uwezo wa ganda kama hilo ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kanuni hiyo, unene wa bati ukiongezwa mara 2, mzigo wa wima unaoweza kubebwa huongezeka mara 4. Hata hivyo, maganda yaliyojaribiwa katika maabara yalikunjamana kwa mzigo mdogo zaidi ya uliokadiriwa, mengine chini ya nusu yake. Mwaka 1945 mhandisi wa Uholanzi, Warner Koiter, alieleza sababu: kasoro ndogo za umbo. Ukuta uliobonyea kwa kina kinacholingana na unene wa bati lenyewe waweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ndiyo maana wahandisi hupunguza makadirio hayo kabla ya kuidhinisha ganda lolote, hata la roketi.

Katika kihenge, nafaka husugua kuta na kuzielemea kuelekea chini. Ikitolewa upande mmoja, mzigo hukosa uwiano. Katika tangi, maji huzisukuma kuta kwa nje na kuzisaidia kusimama. Hatari huja maji yanapotolewa huku tundu la hewa limeziba. Hewa ya nje hukandamiza kila meta ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 10. Hewa ya ndani ikipungua, hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo hutosha kulikunja tangi.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kukagua kuta kabla ya kununua, na kukataa chombo kilichobonyea.
- Kukiweka juu ya msingi imara uliosawazishwa.
- Kusafisha tundu la hewa mara kwa mara.
- Kutoegemeza ngazi wala mizigo ubavuni.
- Kutoa nafaka kupitia katikati ya kihenge.
- Kuacha maji kiasi katika tangi, kwani tangi tupu huathiriwa zaidi na upepo.

Ukuta uliobonyea ukigongwa na kunyooshwa haurudishi nguvu yake yote. Mwananchi anayeona tangi la umma limebonyea atoe taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili likaguliwe na fundi lingali limesimama.