Mfuko wa Mama Unapokauka

Kwa wavuvi wa dagaa wa Kilwa Kivinje na Somanga, mwezi wa fedha haufuati kalenda ya ukutani. Unafuata giza. Usiku usio na mbalamwezi ndio taa za chomboni huwavuta dagaa. Mwezi ukishajaa, vyombo vinakaa pwani, mabaharia wanashona nyavu na kungoja. Mama wa kaya hiyohiyo ana kalenda yake. Yeye anahesabu bamvua, ambayo huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali na miamba ya pweza ikabaki wazi. Wanaolima mwani husubiri kama wiki sita tangu kufunga mbegu hadi kuvuna. Mwenye shamba anangoja mnada wa ufuta katikati ya mwaka, na wa korosho kuanzia Oktoba.

Ndiyo maana ushauri wa bajeti unaoanza na mshahara wa mwisho wa mwezi hauwasaidii sana watu wa mwambao huu. Wengi hawana mshahara, na hata walio nao, walimu na wauguzi wa Lindi mjini kwa mfano, nusu ya ndugu zao wanaishi kwa giza na bamvua, kwa hiyo na mshahara wao unavutwa humo humo. Nataka kuzungumzia fungu moja tu la fedha ya kaya, ambalo ni dogo lakini huleta ugomvi kuliko yote: hela ya mfukoni ya baba na ya mama wakati nyumba ina watoto wadogo.

Hela ya mfukoni ni ile ambayo mtu mzima anaitumia bila kuomba ruhusa na bila kutoa hesabu. Kahawa na kashata kijiweni. Bando la simu. Kiingilio cha kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Kusuka nywele, hina, doti ya kanga, elfu mbili ya kumtumia mama mzazi kijijini. Mtu asiye na fedha ya namna hii hata kidogo anaishi kama mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sioni kuwa ni anasa kuitengea nafasi, hata kwenye kaya yenye kipato kidogo.

Mwambao wetu una utaratibu wake wa zamani kuhusu jambo hili. Kila mmoja ana mfuko wake. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kisiwani Mafia katikati ya miaka ya 1960, kaskazini kidogo tu ya Kilwa, alikuta mume na mke kila mmoja akiwa na mali yake: minazi ya mume ni ya mume, ya mke ni ya mke, na ndoa haiichanganyi. Msingi wake ni sheria ya Kiislamu, ambayo humpa mume jukumu la kumtunza mke na kumwachia mke mali yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inafuata njia hiyohiyo: kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, na kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake.

Nautetea utaratibu huu. Watoa ushauri wengi wa mjini huwaambia wanandoa wafungue akaunti moja na kutia kila kitu humo. Kwa mwanamke wa Kilwa ushauri huo una hatari. Talaka si jambo geni pwani, na ndoa ya mke wa pili inaruhusiwa na dini na sheria. Mwanamke aliyetia fedha yake yote ya pweza kwenye mfuko wa mume anaweza kujikuta hana kitu, wala ushahidi wa kilichokuwa chake. Mfuko wake mwenyewe ni kinga, na anayo haki ya kuwa nao.

Shida huanza mtoto akizaliwa.

Mama akiwa kwenye arobaini, kisha akiwa na mtoto wa miezi minne anayenyonya, bamvua zinampita. Mwambani huendi na kichanga, na kama bibi yake mtoto hayuko karibu hakuna wa kumwachia. Mwani unahitaji mtu wa kwenda kukaza kamba na kusafisha. Asiyekwenda anapoteza mbegu. Biashara yake ya kukaanga samaki barabarani inafungwa. Kipato cha mama kinashuka, pengine hadi sifuri, na akipata mtoto wa pili kabla wa kwanza hajaanza shule, hali hiyo inaendelea miaka minne au mitano. Muda wote huo mfuko wa baba unaendelea kuingiza, giza hadi giza. Kanuni ya kila mtu na chake, iliyokuwa ya haki walipokuwa wawili wanaochuma, sasa inampa mmoja hela ya mfukoni na kumnyima mwingine, wakati yule aliyenyimwa ndiye anayefanya kazi bila kupumzika usiku na mchana.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwahi kulitazama jambo hili kwa upande mwingine. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Rufaa ya mama yule mwenyewe haikumpa alichokitaka, lakini kanuni ilibaki na hutumika hadi leo wakati wa kugawana mali ndoa inapovunjika. Mimi nauliza: kama kazi ya kulea inahesabiwa siku ya talaka, kwa nini isihesabiwe siku ya mgao wa dagaa?

Baba wengi watanijibu kwamba mama anapewa hela ya matumizi kila asubuhi. Ni kweli. Lakini hela ya matumizi ina wenyewe: unga, mchele, kitoweo, mkaa, sabuni, uji wa mtoto. Haina hata mia ya mama. Akitaka kitu chake lazima aombe, na akiomba aeleze. Ama asiombe, adokoe. Elfu saba ya kitoweo inakuwa elfu sita, ile moja inaingia kibubu au kwenye laini ya simu ambayo baba hana habari nayo. Mwenye kuijua nyumba ya Kiswahili anaijua desturi hii, na wapo wanaoisifu kuwa ndiyo akili ya mwanamke. Mimi naona gharama yake inalipwa na mtoto. Fedha iliyodokolewa ilikuwa ya samaki, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekula ugali na mchuzi mtupu mara tatu kwa wiki haonekani ameonewa, lakini mwili wake unajua.

Wapo wanaotaja kisa cha Hind binti Utba, aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili na hampi cha kumtosha yeye na wanawe mpaka achukue kwa siri. Aliruhusiwa achukue cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Kisa hiki ni dawa ya nyumba ambayo mume amekataa wajibu wake. Nyumba ya wanaoelewana haina sababu ya kuishi kwa dawa hiyo.

Siri ikikua, inakuwa mkopo. Hapa ndipo pananiumiza zaidi. Mama asiye na hela yake, mwenye sare ya harusi ya kulipia na mchango wa unyago wa binti wa shoga yake, anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Rejesho ni la kila wiki au kila siku, na linatoka kwenye hela ya matumizi kwa kuwa hana chanzo kingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni na waweke masharti wazi. Mkopaji anayemficha mumewe, hata hivyo, hasomi masharti. Anasaini haraka arudi nyumbani. Kikoba cha wanawake wanaojuana, au ile mikopo ya halmashauri iliyotengewa wanawake asilimia 4 ya mapato ya ndani, ni njia salama zaidi, ila kote huko kunahitaji hela ndogo ya kuanzia ambayo ni yake kwa haki.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa mvuvi aliyeondoka na laki nne baada ya giza zima, chombo, nyavu na mafuta vikiwa vimekwishatoa mafungu yao. Nyumba ina mke na watoto wawili, mmoja ananyonya. Matumizi ya kula ni elfu kumi kwa siku kwa siku 28, pamoja na zile za mbalamwezi ambazo hakuna kinachoingia: 280,000. Nauli za kliniki, nguo za watoto, paa na madeni madogo: 40,000. Akiba isiyoguswa: 40,000. Zinabaki 40,000, yaani asilimia kumi ya mgao wote. Hiyo ndiyo hela ya mfukoni ya wote wawili, 20,000 kwa baba na 20,000 kwa mama, siku hiyohiyo, mkononi au kwenye simu ya kila mmoja.

Nimetumia asilimia kwa makusudi. Ukimwahidi mkeo elfu ishirini kila mwezi, giza likiwa baya utaivunja ahadi, na ahadi ikivunjwa mara mbili kibubu kinarudi. Sehemu ya kumi ya kilichopatikana haivunjiki kirahisi hivyo. Mgao ukiwa laki mbili, kula peke yake kutazimaliza zote, na wote wawili wanakubaliana kwamba fungu la mfukoni linashuka au linasimama kwa wote. Kimbunga Hidaya kilipofika mwambao huu mwanzoni mwa Mei 2024, wavuvi walionywa wasiende baharini na barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika Somanga. Wakati kama huo hakuna hela ya mfukoni ya mtu yeyote. Kisichokubalika ni ya mama kusimama huku kahawa inaendelea.

Na kahawa ihesabiwe. Baba anayetumia 1,500 kwa siku kwa kahawa, bando na sigara mbili anatumia 45,000 kwa siku 30, na hakuna anayeiona kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Mama akinunua doti ya kanga mara moja, nyumba nzima inajua, na inaitwa matumizi mabaya. Nimeshuhudia mabishano mengi ya aina hii, na karibu yote yanatulia wakiandika kwa wiki mbili tu, kila mmoja chake, kwenye daftari la shule. Mikeka ya kubeti nayo iingie humo. Anayetaka kubeti abeti kwa fungu lake, likiisha limeisha. Fedha ya uji haina timu.

Kuna jambo moja lililo gumu zaidi ya hesabu: michango. Pwani ya kusini ni ya shughuli. Baada ya mavuno ya korosho kuna unyago, jando na harusi, na msiba hauna msimu. Je, mchango wa mama kwenye shughuli utoke mfukoni kwake au kwenye fungu la nyumba? Baba wengi husema ni mambo ya wanawake. Mimi siafiki. Mchango wa msiba na wa ndugu wa karibu ni wa nyumba, kwa sababu siku nyumba hii ikifikwa, watu watakuja kwa jina la nyumba, na mzigo ambao ungewalemea wawili utabebwa na mtaa mzima. Sare, nakshi za hina na kijora kipya ni vya mfukoni. Mstari huo unaweza kuvutwa mahali pengine kwenye nyumba nyingine, muhimu wauvute kabla kadi ya mwaliko haijafika.

Wenye korosho na ufuta wana hatari ya namna yake. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, malipo huingia benki kwa mkupuo baada ya mnada, kupitia chama cha msingi, na mara nyingi akaunti ni ya jina la baba hata kama mama ndiye aliyeokota. Mkupuo huo unalingana na miezi mingi ya kula. Ugawanyeni siku unapoingia: kwanza chakula hadi mavuno yajayo, pili Januari ya shule, kisha sehemu ya kumi ya mifuko miwili. Sehemu ya mama iende kwenye laini yake, kwa namba yake ya siri.

Kuzungumza kabla ya fedha kuingia kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Nava Ashraf, mchumi aliyechapisha utafiti wake mwaka 2009, aliwajaribu wanandoa nchini Ufilipino ambako wake ndio hushika akiba. Mume aliyeachwa aamue peke yake na kwa siri alielekeza fedha kwenye akaunti yake. Waume waliotakiwa kushauriana na wake zao kwanza walizielekeza kwenye akaunti za wake. Watu wale hawakuwa na tabia tofauti. Tofauti ilikuwa ni mazungumzo ya muda mfupi.

Mama akirudi mwambani au kwenye mwani, mtoto akiwa ameanza kutembea na anaweza kuachwa kwa bibi, mpango nao ubadilike. Kipato chake ni chake, na fungu lake kwenye mgao wa baba linaweza kupungua au kuondoka kwa makubaliano. Utaratibu wa zamani unarudi kazini.

Nyinyi mnaolea sasa hivi, mnada wa korosho unaanza Oktoba na giza jingine liko karibu kuliko hapo. Kaeni wawili usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, mkubaliane sehemu ya kila mfuko, muiandike.