Nyota akiuzwa, fedha huenda wapi?

Na Mwandishi Wetu, Igwachanya

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, swali moja hurejea katika vijiwe vya soka nchini, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe. Klabu imemuuza mchezaji wake bora kwa fedha nyingi. Je, fedha hizo zitarudi uwanjani?

Kwa shabiki wa Igwachanya, swali hilo si la kupitisha muda. Yuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam. Timu yake huiona zaidi kwenye runinga, akilipa kiingilio cha banda umiza. Hununua jezi, hulipia kadi ya uanachama, na siku ya mechi kubwa huchangishana nauli na wenzake ili wapande basi Makambako. Anapohisi kwamba klabu imeuza nyota wake bila kuziba pengo, huona kuwa mchango wake nao umepotea.

Malalamiko ya namna hiyo husikika duniani kote. Hapa Tanzania yana sura yake, kwa sababu klabu mbili kubwa, Simba na Yanga, zimejengwa juu ya misingi ya wanachama. Mwanachama hajioni mteja. Hujiona mwenye mali.

Agosti 2021

Mfano unaokumbukwa zaidi na wapenzi wa Simba ni wa Agosti 2021. Klabu hiyo ya Mtaa wa Msimbazi ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa imefika robo fainali, na Februari 23, 2021 iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1-0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Bao hilo lilifungwa na Luis Miquissone kutoka Msumbiji.

Miezi sita baadaye, Miquissone aliuzwa kwa Al Ahly hiyohiyo. Mzambia Clatous Chama, aliyekuwa mhimili wa safu ya kiungo, aliuzwa kwa RS Berkane ya Morocco. Wachezaji wawili waliobeba mashambulizi ya timu waliondoka katika dirisha moja.

Si kweli kwamba Simba haikusajili. Iliwaleta, miongoni mwa wengine, Pape Ousmane Sakho, Peter Banda, Sadio Kanoute na Henock Inonga. Hata hivyo, timu iliyokuwa na mwendo wake ililazimika kuanza kujifunza upya katikati ya mashindano. Oktoba 2021 Simba ilishinda ugenini 2-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, kisha ikafungwa 3-1 nyumbani na kutolewa katika Ligi ya Mabingwa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kocha Didier Gomes aliondoka siku chache baadaye.

Mwisho wa msimu huo, Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Januari 2022 Simba ilikuwa imemrejesha Chama, hatua iliyotafsiriwa na wengi kuwa ni kukiri kwamba pengo lake halikuzibwa. Simba ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huo, lakini taji la ligi lilikuwa limekwenda Jangwani, na lilibaki huko kwa misimu minne, hadi 2024/25.

Hapo ndipo kiini cha manung'uniko kilipo. Shabiki hakukasirishwa na kuuzwa kwa nyota peke yake. Alikasirishwa na hisia kwamba klabu iliyokuwa hatua moja kutoka kwenye mafanikio makubwa ya Afrika ilichagua kuvuna kabla ya kupanda tena.

Fedha hupita njia ndefu

Kabla ya kuwalaumu viongozi, ni vyema kufahamu jinsi ada ya uhamisho inavyosafiri. Kiasi kinachotajwa vijiweni mara nyingi sicho kinachoingia kwenye akaunti ya klabu.

Kwanza, ada nyingi hulipwa kwa awamu. Klabu inayosemekana kuuza mchezaji kwa kiasi fulani inaweza kupata sehemu tu mwaka huo, na nyingine miaka inayofuata.

Pili, sehemu ya bei huwa na masharti. Hulipwa iwapo mchezaji atacheza idadi fulani ya mechi, au klabu yake mpya itatwaa kombe.

Tatu, wapo wengine wenye haki ndani ya fedha hizo. Klabu iliyomuuza mwanzo inaweza kuwa ilijiwekea asilimia ya mauzo yajayo. Klabu zilizomlea zina mgao wao kwa kanuni za FIFA. Wakala naye hutaka ujira wake.

Nne, mnunuzi anaweza asilipe. Januari 2013 Simba ilimuuza Mganda Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani. Fedha hizo hazikulipwa kwa wakati, na shauri likafika FIFA. Mchezaji alikuwa ameondoka, timu imepungua, na kilichobaki Msimbazi kilikuwa ni deni.

Upande wa pili wa daftari, klabu ina mishahara, kambi, usafiri, fedha za kusainia mikataba na madeni ya usajili wa nyuma. Ikiwa mapato ya kawaida hayatoshi, fedha za mauzo huziba matundu hayo kwanza. Huenda hakuna aliyeiba shilingi, na bado asiwepo mchezaji mpya wa kiwango cha yule aliyeondoka.

Tatizo ni kwamba shabiki haelezwi hayo. Hutangaziwa mauzo, hatangaziwi matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Penye ukimya wa hesabu, uvumi hujaza nafasi.

Yanga na pengo la Mayele

Mfano wa upande wa pili ni Yanga ya mwaka 2023. Fiston Mayele, mshambuliaji kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, alimaliza msimu wa 2022/23 akiwa na mabao 17 ya ligi na akaifikisha timu yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako Yanga ilipoteza taji kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya matokeo ya jumla ya 2-2. Wiki chache baadaye aliuzwa kwa Pyramids ya Misri.

Wengi walitabiri anguko. Yanga, hata hivyo, haikumtafuta Mayele mwingine pekee. Iliongeza wachezaji katika maeneo tofauti, wakiwamo Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na Yao Kouassi, hivyo mabao yakawa yanatoka kwa watu wengi badala ya mtu mmoja. Novemba 5, 2023 iliifunga Simba mabao 5-1. Ilitetea ubingwa wa ligi na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ilitolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini baada ya suluhu katika mechi zote mbili.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba kila shilingi ya Mayele ilinunua wachezaji hao. Klabu ina wadhamini na wafadhili pia. Lakini mashabiki waliona mpango, na palipo na mpango kelele hupungua.

Soka la England, linalotazamwa katika karibu kila banda umiza la Njombe na Makambako, lina mafunzo yaleyale. Mwaka 2013 Tottenham ilimuuza Gareth Bale kwa Real Madrid kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia, ikanunua wachezaji saba, na msimu uliofuata ikamaliza nafasi ya sita. Januari 2018 Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona. Mwezi huohuo ilikuwa imempata beki Virgil van Dijk, na Julai ikamnunua kipa Alisson. Liverpool ilitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2019 na ubingwa wa England mwaka 2020.

Klabu zote mbili zilirudisha fedha sokoni. Iliyofaulu ni ile iliyojua inahitaji nini kabla ya kuuza.

Njombe nayo ina haki yake

Kwa wakazi wa Njombe, mjadala huu una upande mwingine usiozungumzwa sana. Mkoa huu haukuwa mtazamaji daima. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu, na Simba na Yanga zote zikapanda hadi kwenye Uwanja wa Sabasaba kucheza nayo katikati ya baridi. Furaha hiyo ilidumu msimu mmoja. Njombe Mji ilishuka daraja mwaka 2018 pamoja na Majimaji ya Songea. Lipuli ya Iringa, iliyopanda pamoja na Njombe Mji, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani mwaka 2019, kisha ikashuka mwaka 2020.

Timu inaposhuka, wachezaji hutawanyika. Ditram Nchimbi, mshambuliaji aliyeichezea Njombe Mji katika msimu huo, aliendelea kupanda hadi akajiunga na Yanga, baada ya kuifunga klabu hiyo mabao matatu akiwa na Polisi Tanzania Oktoba 2019. Klabu ndogo isiyo na mikataba madhubuti hubaki na kumbukumbu tu.

Hata hivyo, kanuni za FIFA zinaipa klabu ndogo haki ambayo wengi hawaifahamu. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya ada hukatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Huo ndio mgao wa mshikamano. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 huipa klabu asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Chukua mfano wa kijana aliyelelewa na klabu ya Wanging'ombe tangu miaka 14 hadi 17, kisha baadaye akauzwa nje kwa dola milioni moja. Miaka miwili ya mwanzo ni asilimia 0.5 kwa pamoja, na miwili inayofuata ni asilimia 1. Jumla ni asilimia 1.5, yaani dola 15,000. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola, hizo ni Sh37.5 milioni. Kwa klabu ya wilaya, fedha hizo zinatosha kununua mipira, jezi na viatu vya vijana, na kulipia nauli za msimu. Kijana huyo akiuzwa tena nje, mgao hulipwa tena.

Safari ya Mbwana Samatta inaonyesha uzito wa kanuni hiyo. Simba ilimuuza kwa TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, kisha Aston Villa ya England Januari 2020. Katika kila uhamisho wa kulipiwa, klabu alizosajiliwa kabla ya kufikisha umri huo zilikuwa na dai lao, na Mazembe, iliyokaa naye kwa zaidi ya misimu minne ya umri huo, ilikuwa na fungu kubwa kuliko nyingine.

Sharti ni moja: kumbukumbu. FIFA ilianzisha chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo hayo, chenye makao Paris, Ufaransa, kilichoanza kazi Novemba 2022. Chombo hicho hufuata pasipoti ya mchezaji, ambayo hutokana na usajili uliofanywa na shirikisho la nchi. Kijana aliyecheza miaka minne bila kusajiliwa katika mfumo, kwa maandishi hakuwahi kuwapo.

Maswali ya kuuliza

Mwanachama anayetaka kujua klabu yake ina nia ya kweli anayo maswali machache ya kuuliza katika mkutano mkuu. Mauzo ya wachezaji yameingiza kiasi gani mwaka huu, na kiasi gani bado hakijalipwa? Ni asilimia ngapi ya mapato hayo inarudi kwenye usajili, na ngapi kwenye timu ya vijana? Kanuni za leseni za klabu za CAF zinadai hesabu zilizokaguliwa na timu za vijana. Mwanachama anapouliza hayo haombi fadhila.

Shabiki naye ana wajibu. Hawezi kudai klabu ikatae kila ofa. Mchezaji akizuiwa hadi mkataba ukaisha, ataondoka bure. Mchezaji wa Afrika Mashariki akipata nafasi ya kuinua maisha yake, kumfungia mlango si haki. Kuuza ni sehemu ya mchezo.

Mkulima wa viazi wa Njombe analielewa jambo hili bila kufundishwa. Huuza magunia yake, kwa kuwa ndiyo riziki. Lakini kabla lori halijaondoka kuelekea Makambako, hutenga mbegu. Mwaka anaouza hadi mbegu, mfuko hujaa, na msimu unaofuata shamba hubaki tupu.

Mashabiki wa Igwachanya hawaulizi zaidi ya hapo. Wanataka kujua, kila nyota anapopanda ndege, ni gunia gani lililotengwa.