Kuandika nyumbani kwa malipo: Wateja wapo, mitego nayo ipo

Dar es Salaam. Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, katikati ya picha za sare na kumbusho la mchango wa chakula: “Wanahitajika watu wa kuandika makala wakiwa nyumbani. Hakuna uzoefu unaohitajika. Malipo kila siku. Tuma Sh10,000 ya usajili uanze leo.”

Kwa mama aliyeacha ajira baada ya kujifungua, au baba ambaye mshahara wake unakatika katikati ya mwezi, maneno hayo yana mvuto. Kuandika hakuhitaji kupanga fremu wala kununua mzigo wa kuuza. Simu ipo, lugha anaijua, na watoto wakishalala kuna saa mbili za utulivu.

Kazi za kuandika kwa malipo zipo kweli. Lakini ni nadra kupatikana kupitia tangazo la namna hiyo. Mara nyingi ziko kwa mteja ambaye hajatangaza popote, ila ana jambo linalotakiwa kuandikwa na hana muda au uwezo wa kuliandika.

Mzazi anayejua kumtafuta mteja huyo, kupanga bei kabla ya kuanza na kumtambua tapeli mapema anaweza kuongeza kipato cha nyumba. Asiyejua atapoteza pesa ya mboga, au atapoteza kilicho ghali zaidi: usiku mzima wa kazi isiyolipwa.

Mteja wa karibu kwanza

Wengi wakisikia habari ya kuandika kwa malipo wanafikiria kitabu au gazeti. Hayo yapo, lakini mtaani kuna mahitaji mengine yanayopita bila kuonekana.

Mfano mmoja ni mikopo ya halmashauri. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuwa na katiba na andiko la mradi. Wanakikundi wanaweza kuwa hodari wa kufuga kuku au kushona nguo, lakini pasiwepo hata mmoja aliyewahi kuandika andiko. Hapo kuna kazi ya mwandishi.

La kuzingatia ni kwamba mwandishi analipwa kwa andiko, si kwa mkopo. Akiahidi kwamba pesa zitatoka, au akikubali kulipwa “mkopo ukiingia”, amebeba mzigo usio wake.

Kazi nyingine ni risala za mahafali na vipeperushi vya shule binafsi, maelezo ya bidhaa za maduka yanayouza kupitia Instagram, na wasifu wa kuombea kazi. Kampuni za utalii za Arusha, Moshi na Zanzibar huhitaji maelezo ya safari kwenye tovuti zao, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba mwenye kampuni ndiye anayepokea simu.

Kwa anayemudu lugha mbili, kuna tafsiri. Mashirika ya afya na kilimo huhitaji vipeperushi, mafunzo na dodoso kwa Kiswahili ambacho mwananchi wa kijijini atakielewa. Kiswahili leo ni lugha ya kazi katika Umoja wa Afrika na ni miongoni mwa lugha rasmi za SADC, na tangu mwaka 2021 Unesco imeitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani. Heshima hiyo haimletei mzazi mteja mlangoni, lakini inampa hoja ya kusema anapojitambulisha.

Magazeti na tuzo

Anayetaka kuandikia gazeti au jarida aanze kwa kusoma ukurasa anaoulenga kwa wiki kadhaa. Aone makala zina urefu gani, zinazungumza na nani na nini hakijaandikwa. Kisha ampelekee mhariri wazo, si makala nzima.

Ujumbe mfupi unatosha: “Habari za kazi, Mhariri. Naomba kuandika makala ya maneno 900 kuhusu wazazi wa Mbagala wanaolipa ada kidogo kidogo kila wiki na namna shule zinavyopokea utaratibu huo. Nimeshazungumza na wazazi wanne na mwalimu mkuu mmoja. Naweza kuwasilisha Ijumaa pamoja na picha. Naomba pia kufahamu utaratibu wenu wa malipo kwa waandishi wa kujitegemea.”

Sentensi ya mwisho ndiyo wengi wanaona aibu kuiandika. Lakini kurasa nyingi hupokea maoni ya wasomaji bila malipo, na mhariri hawezi kukisia kwamba aliyetuma alitarajia kulipwa. Kuuliza si utovu wa adabu, ni sehemu ya kazi.

Kwa watunzi wa hadithi na mashairi, zipo tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hushindanisha miswada. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea pia hadithi za Kiswahili na haitozi ada ya kushiriki.

Hata hivyo, tuzo si mshahara. Wanaoshiriki ni wengi na wanaoshinda ni wachache. Mzazi aandike kwa ajili ya tuzo kwa muda wake wa ziada, lakini asiiweke kwenye bajeti ya nyumba.

Mtandaoni kuna makato na ushindani

Majukwaa kama Upwork na Fiverr humkutanisha mwandishi na wateja wa dunia nzima. Faida yake ni kwamba pesa ya mteja hushikiliwa na jukwaa wakati kazi ikiendelea. Hasara yake ni makato na ushindani. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya mwandishi. Upwork nayo hukata sehemu yake, na anayeomba kazi hutumia tokeni ambazo zikimwishia hulazimika kununua nyingine.

Mambo yamebadilika zaidi tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022. Makala za juu juu, za aina ya “faida kumi za maji ya uvuguvugu”, ndizo zilizoguswa kwanza na akili mnemba, kwa kuwa mteja anaweza kuzipata bure. Kinachobaki na thamani ni kile ambacho mashine haiwezi kwenda kukitafuta: mahojiano na muuza mchicha wa Kariakoo, picha ya darasa, au uzoefu wa muuguzi aliyekaa wodini miaka 10. Mzazi aliyewahi kuwa mwalimu, mhasibu au mkulima aanze na anachokijua, kwa sababu hapo ndipo anapowazidi wengine.

Kabla ya kukubali kazi ya nje, aulize pia pesa itamfikiaje. Kenya, tangu mwaka 2018 mtu ameweza kuhamisha pesa kutoka PayPal kwenda M-Pesa. Njia hutofautiana nchi kwa nchi, hivyo ni vyema kuhakikisha na benki yake mapema kuliko kumaliza kazi na kukuta pesa haitoki.

Kazi inayolipa lakini ina doa

Kuna kazi moja inayovuta vijana na wazazi wengi, hasa nchini Kenya: kuwaandikia wanafunzi wa ng’ambo insha na tasnifu zao. Baadhi huingia kwa kununua au kukodi akaunti ya mtu mwingine.

Australia ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 2020, na England ikafuata mwaka 2022. Mwandishi aliyeko Afrika Mashariki huenda asikamatwe na sheria hizo, lakini hana kinga. Mteja akikataa kulipa, hakuna pa kushtaki. Akaunti ya kukodi ikifungwa, pesa zilizomo zinaondoka nayo. Na ni vigumu kwa mzazi kumkanya mtoto asiibie mtihani ilhali ada yake inatokana na kuwaandikia wengine kazi zao.

Bei kabla ya neno la kwanza

Waandishi wapya hupanga bei kwa kukisia. Hesabu ndogo husaidia. Makala ya maneno 1,000 inaweza kuchukua saa 3 za kuhoji na kusoma, saa 4 za kuandika na saa 1 ya kusahihisha, jumla saa 8. Ikiwa malipo ni Sh40,000, na bando na vocha vimekula Sh4,000, kinachobaki ni Sh4,500 kwa saa. Mteja akirudisha kazi mara tatu na kuongeza saa 4, kiasi hicho kinashuka hadi Sh3,000.

Ndiyo maana makubaliano yaandikwe kabla, hata kama ni kwa WhatsApp: idadi ya maneno, tarehe ya kuwasilisha, kiasi cha malipo, siku ya kulipwa na idadi ya marekebisho. Kwa mteja mgeni, kuomba nusu ya malipo mwanzoni ni jambo la kawaida.

Liulizwe pia suala la hakimiliki. Kwa sheria ya Tanzania, hakimiliki ya maandishi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayeuza haki zote kwa bei ya makala moja anauza kitu ambacho watoto wake wangeweza kurithi. Kwa maelezo ya bidhaa si hasara kubwa. Kwa hadithi au kitabu, afikirie mara mbili.

Kampuni na mashirika mara nyingi huomba namba ya mlipakodi. Nchini Tanzania TIN hutolewa bure na TRA. Mteja anaweza pia kukata kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 kwa huduma. Mwandishi aombe cheti cha makato hayo na akitunze.

Dalili za kukimbia

Kanuni ni moja: pesa hutoka kwa mteja kwenda kwa mwandishi. Anayedai ada ya usajili, ya mafunzo ya lazima au ya “kufungua akaunti” ili atoe kazi, huyo anauza matumaini.

Dalili nyingine ni mteja asiyetaja jina la kampuni, anayeomba namba ya siri au picha ya kitambulisho kabla ya kazi yoyote, au anayeahidi malipo makubwa kwa kazi isiyohitaji ujuzi. Yupo pia anayeomba “majaribio” ya makala nzima kutoka kwa watu 20, kisha anatoweka na makala 20. Sampuli ya maneno 200, au kazi ya zamani, inatosha kuonyesha uwezo.

Nyumba ijue kuna kazi

Kuandika nyumbani huonekana kama kuchezea simu. Mwenza na watoto wakubwa waelezwe kwamba saa fulani ni za kazi, ili chakula cha usiku na kumfundisha mdogo hesabu vigawanywe mapema. Mzazi anayeandika kila siku hadi saa nane usiku atapata malipo, lakini asubuhi mtoto atakutana na mtu mwenye hasira.

Daftari moja linatosha kuanzia: jina la mteja, kazi, tarehe, kiasi, na safu ya “amelipa” au “bado”. Wiki ya kwanza aorodheshe watu au ofisi 10 anazozifahamu zinazohitaji maandishi, na awatumie ujumbe watatu kati yao. Wengine watanyamaza. Mwezi unaofuata atume tena kwa wengine.

Na bajeti ya nyumba ipangwe kwa safu ya “amelipa” peke yake. Wateja wa maandishi huchelewa, na mhasibu wa shule hapokei ahadi zao.