Kupakua Si Kutumia: Jinsi ya Kupima Hazina za Utafiti



Wazee wengi wa Mkwaja, wilayani Pangani, wanaikumbuka ranchi ya ng'ombe iliyoanza miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000. Eneo lake sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Ranchi ile ilikuwa katikati ya mbung'o, na ndiyo maana watafiti waliifuata. Mwaka 1985 kituo cha kimataifa cha mifugo cha ILCA, Addis Ababa, kilitoa ripoti juu ya ng'ombe wa Boran wa Mkwaja waliokuwa wakichomwa dawa ya kuwakinga na nagana.

Zamani ripoti ya namna hiyo iliishia kwenye rafu za maktaba chache. Siku hizi kazi za ILCA zimewekwa katika CGSpace, hazina ya pamoja ya vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo. Inatunzwa na ILRI, taasisi iliyorithi ILCA mwaka 1994. Mwenye intaneti anasoma bure. Lakini mitambo ina gharama na wahudumu wanalipwa, hivyo mfadhili ana haki ya kuuliza: je, watafiti wanaitumia kweli?

Jibu la haraka ni idadi ya waliofungua na waliopakua. Tahadhari! Sehemu kubwa ya wanaobisha hodi kwenye hazina hizi si watu, bali ni programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikikusanya kurasa. Kuna pia mtu ambaye mtandao wake unasuasua, akabonyeza mara tatu kupata faili moja. Kwa ajili hiyo maktaba na wachapishaji waliweka kanuni za pamoja, ziitwazo COUNTER, zinazoondoa programu hizo katika hesabu na kuchukua mibonyezo miwili ndani ya sekunde 30 kuwa mmoja.

Hata hesabu ikiwa safi, kupakua si kusoma. Sisi tunajua: waliohudhuria semina si wote waliochimba choo.

Kipimo chenye uzito zaidi ni kufuata taarifa mpaka kwenye kazi iliyotokana nayo. GBIF, hazina ya dunia ya kumbukumbu za mimea na wanyama, ambayo Tanzania inashiriki kupitia COSTECH, hufanya hivyo. Kila anayepakua hupewa namba ya kudumu, naye huombwa kuiandika katika makala yake. Wahudumu wa GBIF huyatafuta makala hayo na kuyahesabu. Katika miaka ya karibuni yamezidi elfu moja kwa mwaka. Kwa njia hiyo, aliyetoa taarifa anaweza kuona zilikofika na zilifanya kazi gani.

Nacho kina upungufu, na hapa ndipo penye uzito kwetu. Kinamwona anayeandika makala. Hakimwoni afisa mifugo anayesoma ripoti ili ashauri wafugaji. Akichapa nakala moja wakasoma wenzake kumi, mtambo umeandika mtu mmoja. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili kufungua majarida ya tiba kwa nchi maskini, ulitoa jina na nywila moja kwa taasisi nzima. Kwa kumbukumbu hizo usingejua kama wanaoingia ni madaktari mia moja au ni mkutubi mmoja mwenye bidii.

Kwa hiyo, wafadhili wetu, mkiletewa ripoti yenye takwimu za upakuaji peke yake, ulizeni maswali mengine. Wangapi wamerudi tena baada ya mara ya kwanza? Wako wapi, Ulaya au Tanzania? Walioacha waliacha kwa nini: umeme, gharama ya intaneti, au lugha? Swali hili la mwisho halijibiwi na mtambo. Lazima mtu atumwe akaongee nao. Kwa maoni yetu, mahojiano na watumiaji ishirini yanafaa kuliko jedwali la kurasa kumi, na bajeti ya tathmini iyatengee nauli.

Nazo kamati zinazopokea watafiti vijijini ziwaulize tangu siku ya kwanza taarifa zitawekwa katika hazina gani na kwa namba ipi, kisha ziombe muhtasari wa Kiswahili uliochapwa ubaki ofisi ya kijiji. Anayekuja kuusoma aandikwe kwenye daftari.