MVUA ZA KALE ZILIZOANDIKWA KATIKA MAWE YA MAPANGONI



Sisi watu wa pwani tunazijua pepo za kaskazi na za kusi tangu utotoni. Hata neno "msimu" tunalolitumia kila siku limetokana na neno la Kiarabu "mawsim", na ni kutokana na neno hilohilo Wazungu walipata jina lao la pepo hizi. Pepo za kusi ndizo zilizokuwa zikiyarudisha majahazi Uarabuni. Zikishavuka Ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, zikafika Dhofar, kusini mwa Oman, na kwenda mbele hadi Bara Hindi zikiwa zimebeba mvua. Zaidi ya watu bilioni moja hutegemea mvua hizo kwa chakula na maji.

Basi tujiulize: je, mvua hizi zimekuwa zikinyesha kwa kiasi hikihiki siku zote? Na je, zinaweza kupungua? Vipimo vya mvua havitufikishi mbali. Idara ya hali ya hewa ya India, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1875. Ni nani aliyepima mvua miaka 5,000 iliyopita? Hakuna mtu aliyepima, lakini mawe yaliyomo mapangoni yaliweka kumbukumbu.

JIWE LINAVYOOTA

Mvua inaponyesha, maji hupenya kwenye udongo na kuchukua hewa ya ukaa iliyomo humo. Maji hayo huwa na uchachu kidogo, na yanapopita katika miamba ya chokaa huyeyusha sehemu yake. Yakifika kwenye paa la pango hudondoka tone kwa tone. Hapo hewa ya ukaa hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda tena. Jambo hili si geni kwetu. Tazameni ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima kwa muda mrefu; mtaona ukoko mweupe. Huo ni chokaa ya namna hiyohiyo.

Chokaa inayoganda juu huning'inia kutoka kwenye paa, na ile inayoganda chini huota kutoka sakafuni kama nguzo. Wataalamu hupendelea hizi nguzo za sakafuni kwa sababu tabaka zake hupangana vizuri, la zamani chini na jipya juu. Ukuaji wake ni wa polepole mno. Mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani mita moja katika miaka 10,000.

UMRI WA JIWE HUJULIKANAJE?

Jiwe hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na vipande vidogo sana huchukuliwa katika kila tabaka na kupelekwa maabara. Maji yanayopita mwambani hubeba urani kidogo, kwa kuwa urani huyeyuka majini. Thoriamu haiyeyuki kwa urahisi, hivyo jiwe linapoganda huwa na urani na karibu halina thoriamu kabisa. Kadiri miaka inavyopita, urani iliyofungiwa ndani ya jiwe hugeuka polepole kuwa thoriamu, kwa kasi inayojulikana.

Ni mfano wa mshumaa. Ukijua kasi ya kuungua kwake, kisha ukapima nta iliyoyeyuka na kipande kilichobaki, utajua uliwashwa saa ngapi. Kwa njia hii inawezekana kujua umri wa mawe yaliyoota hata miaka 500,000 iliyopita.

WINGI WA MVUA HUJULIKANAJE?

Maji yana oksijeni, na oksijeni ina aina nyepesi na aina nzito. Katika kila chembe 500 za oksijeni, takriban moja tu ndiyo nzito. Mawingu yanaponyesha, maji yenye oksijeni nzito hutangulia kuanguka, kama msafara ambao wenye mizigo mizito ndio wanaotua kwanza. Kwa hiyo katika nchi za joto, msimu wenye mvua nyingi sana huleta maji yenye oksijeni nzito kidogo, na msimu wa uhaba huleta maji yenye oksijeni nzito zaidi. Alama hiyo hubaki ndani ya chokaa. Wataalamu huipima tabaka kwa tabaka, wakaona miaka ya neema na miaka ya ukame.

MAPANGO YA OMAN YANATUELEZA NINI?

Kwanza, pango la Qunf huko Dhofar. Mwaka 2003 Dominik Fleitmann na wenzake walitangaza matokeo ya jiwe moja la pango hilo, lililoanza kuota miaka 10,300 hivi iliyopita. Jiwe lilionyesha kwamba mvua ziliongezeka kwa haraka baada ya zama za barafu kwisha, kisha kuanzia miaka 8,000 hivi iliyopita zikapungua kidogo kidogo. Sababu yake ni kuyumba polepole kwa mhimili wa dunia. Zamani hizo jua la majira ya joto lilikuwa kali zaidi kaskazini ya Ikweta, nchi kavu ikapata joto zaidi na kuzivuta pepo za mvua mbali zaidi. Jua hilo lilipopungua, pepo nazo zikarudi kusini.

Pili, pango la Hoti, kaskazini mwa Oman, kando ya milima ya Jabal Akhdar. Leo mvua za kusi kwa kawaida hazifiki huko. Lakini mawe ya pango hilo yanaonyesha vipindi vitano vya mvua nyingi katika miaka 325,000 iliyopita, cha mwisho kikiwa kati ya miaka 10,500 na 6,000 hivi iliyopita. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya jangwa la Uarabuni tunalolijua leo iliwahi kuwa na majani na maziwa ya maji.

Tatu, jiwe jingine la Hoti, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2022, linaonyesha ukame mkali mwanzoni mwa karne ya 6 Miladia, hasa kati ya mwaka 500 na 530, yaani takriban miaka 100 kabla ya Hijra. Wakati huo dola ya Himyar ya Yemen, ambayo kilimo chake kilitegemea umwagiliaji, ilikuwa ikidhoofika, na mnamo mwaka 525 ikashindwa na jeshi la Aksum kutoka Uhabeshi. Watafiti hawasemi kwamba ukame peke yake uliiangusha Himyar; vita na siasa pia vilikuwepo. Lakini watu waliokosa maji na mavuno hawakuwa na nguvu ya kuihimili misukosuko hiyo.

TAHADHARI

Jiwe moja halitoshi kuwa ushahidi. Linaweza kuacha kuota kwa sababu ya ukame, lakini pia kwa sababu tone limehamia upande mwingine. Ndiyo maana mawe kadhaa hulinganishwa, na habari zake zikapimwa kwa ushahidi mwingine. Kuhusu ukame wa Himyar, watafiti walitazama pia kina cha Bahari ya Chumvi na maandishi ya wakati ule.

FUNZO KWETU

Tumejifunza kwamba mvua tunazozizoea hazina mkataba nasi. Zimewahi kuhama na kuiacha nchi nzima kavu, hata kabla binadamu hajaanza kuichafua hewa. Leo dunia inazidi kupata joto kwa matendo yetu, na wataalamu huyatumia mawe haya kupima kama hesabu zao za mvua zijazo ni sahihi.

Jambo la mwisho. Baadhi yetu tumezuru mapango ya Amboni, Tanga, na tumeyaona mawe ya namna hii. Tusiyavunje kwa ajili ya ukumbusho wala kuandika majina yetu juu yake. Kipande cha sentimita 15, urefu wa nusu ya rula ya darasani, huenda kimechukua miaka 1,500 kuota, yaani tangu siku za ule ukame wa Himyar. Kukivunja ni kazi ya sekunde moja, na hakuna atakayeweza kukirudisha.